Singa za Ng'ombe Wazima

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Watu wa rika langu wanashangaa ndege, wanashangaa redio, wanashangaa mtu kukatwa mguu akaendelea kuishi. Mimi yote nilikwisha kuyaona kabla ndevu hazijaota. Baba yangu alining'oa jino kwa mpini wa jembe kwa sababu niliwaacha ndama wakaingia kwenye mtama. Siku hiyo hiyo nikatoroka, damu mdomoni, nikatembea kwa miguu mpaka Geita, nikaandikwa kazi mgodini. Huko nilimwona mtu akipigwa koleo la kichwa kwa ajili ya sigara moja. Moja! Tena ilikuwa imeshavutwa nusu. Aliyepiga akarudi kupakia mawe, na koleo lilikuwa lile lile.

Shule nilikaa miezi minne. Mwalimu alinichapa, nikamrudishia, shule ikaisha hapo. Kusoma na kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa kunakili maneno ya kwenye madebe ya mafuta. Anayetaka kucheka acheke, halafu aje Shinyanga aione nyumba yangu ya bati, vyumba sita, kisha anionyeshe ya kwake.

Ufundi wa viti vya magari nilipewa na Kalasinga mmoja aliyekuwa na gereji karibu na mgodi. Alikuwa hafundishi kwa maneno. Ukikosea, anachukua springi iliyo karibu anakutandika nayo mgongoni, halafu anakurudishia hiyo hiyo uifunge vizuri. Springi ya kiti ni mnyama, nakwambia. Unaibana kwa goti, unaifunga kwa kamba ya katani huku imekunyamazia, na siku kamba ikiteleza inakurukia usoni. Mimi moja ilinipasua mdomo wa juu mpaka karibu na pua. Kalasinga alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akachukua sindano ile ile ya kushonea ngozi ya viti, akanishona, nyuzi nne, akasema, "Sasa wewe fundi." Mpaka leo watu wakiniona wanadhani ni kisu. Sikatai.

Nilipofungua gereji yangu mwenyewe Shinyanga, kwenye njia ya kwenda mnadani, hapakuwa na mwingine. Toka Kahama mpaka Mwanza, kiti kikichanika, jina langu ndilo lililotajwa. Pamba ilikuwa na bei nzuri miaka ile na watu walinunua magari mabovu kama wanavyonunua baiskeli.

Gari ninalolizungumzia lililetwa na mzungu mmoja wa mgodini, mtu mzima, shingo nyekundu kama kisu cha moto. Lilikuwa gari kubwa jeusi, la kabla ya vita, alilolipenda kuliko mtu. Alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Nikaling'oa viti vyote siku hiyo, nikavifumua uani. Kufumua kiti cha zamani ni kama kuchinja: unapasua ngozi, unakutana na pamba iliyokuwa nyeusi kwa jasho la makalio ya watu waliokwisha kufa, chini yake kijazo, chini yake gunia, na chini ya yote springi, zimevunjika, zimekula kutu, zinakuchoma vidole. Viti vya mbele vilikuwa na sponji, ule mpira wa povu. Joto la Geita lilikuwa limeula ukawa unga wa njano, ukiushika unamwagika. Hivyo sikuhangaika navyo. Nilikuwa na sponji mpya kutoka Mwanza, nikakata, nikapachika, vikaisha. Kiti cha nyuma ndicho kilichokuwa na ugomvi. Hicho kilijazwa singa za farasi, yaani nywele za mkia na za shingo, zimejikunja kama nywele za kichwani kwetu, nazo zilikuwa zimeliwa na panya.

Nikamwambia, "Bwana, nyuma nitaweka sponji kama mbele."

"Hapana. Mbele ilikuwa sponji, weka sponji. Nyuma ilikuwa singa, weka singa. Kama zamani."

"Bwana, nchi hii haina farasi. Mbung'o waliwamaliza."

Akaniangalia kuanzia mdomo huu ulioshonwa mpaka miguuni. "Wewe fundi ama hapana fundi?"

Neno hilo. Mtu anaweza kunitukania mama nikavumilia mpaka jioni, lakini neno hilo siliwezi. Nikamwambia arudi baada ya mwezi mmoja, atakalia singa.

Kalasinga alikuwa amenionyesha kwamba singa za mkia wa ng'ombe, ukizisokota ngumu kama kamba, ukazichemsha kwenye debe, ukazianika juani zikiwa zimesokotwa hivyo hivyo, zikikauka ukazifumua, zinajikunja na kuruka sawa na za farasi. Kiti kile kilitaka ratili kama thelathini. Machinjioni nilipata ratili mbili kwa wiki, nazo zilikuja na vipande vya ngozi, damu iliyokauka, na funza.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa hana ng'ombe hata mmoja, anachunga wa watu upande wa Kolandoto, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mtu wa vichekesho, hata msibani. Alinikuta ninachambua uchafu wa machinjioni akaziba pua.

"Shemeji, utajiri wenyewe ndio huu? Unanuka kuliko mimi ninayelala na ng'ombe."

"Nataka singa, shemeji. Wewe huwezi kujua."

"Singa za mkia? Mbona hizo zinanipungia mkono kila siku, kutwa nzima ziko mbele ya macho yangu."

Nikacheka. Nikampa gunia tupu. Sikusema lete, wala sikusema usilete.

Baada ya siku nne alilirudisha limejaa nusu. Nilipoingiza mkono nilijua. Zilikuwa safi, ndefu, hazina ngozi wala damu, ncha zimekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi. Ng'ombe aliyechinjwa hatoi singa za namna ile. Mkono ulijua na mdomo ukanyamaza. Nikamlipa, nikampa gunia jingine.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kumkata ng'ombe singa za mkia akiwa hai si sawa na kumnyoa kondoo. Ng'ombe yule hawezi tena kujipiga inzi, anakonda, maziwa yanakatika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Msukuma anaamini anayechukua singa za mkia amekwisha kulichukua zizi. Ng'ombe watamfuata aliko, mmoja baada ya mwingine, wenyewe kwa miguu yao au kwa kifo. Mwizi wa ng'ombe huuawa. Mkata singa huuawa kwanza. Hayo niliyajua kabla sijajua kuhesabu. Lakini nilikuwa mtu wa mjini, mwenye bati na cherehani mbili, nikadhani mambo yale yamebaki kwenye mtama nilikoyaacha.

Nikasokota kamba arobaini na kitu. Nikazichemsha. Zikatoka debeni rangi zote: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijivu, nyingine nyekundu zenye ncha nyeupe. Kazi nzuri sana, hata Kalasinga angeikubali. Mtu mwenye akili angezianika nyuma ya nyumba. Mimi nilizitundika mbele, kwenye uzio wa minyaa unaotazama barabara, siku ya mnada, ili watu wanaopita waone kazi ya mwanaume.

Wakaona.

Saa nne asubuhi akapita mzee mmoja na vijana wake wawili, wanaume wenye ndevu, wanaswaga ng'ombe kwenda mnadani. Mzee akasimama. Akaishika kamba moja, akaivuta puani akainusa. Mimi nilikuwa mlangoni, nyundo mkononi, nimemaliza kufunga springi ya mwisho ya kiti cha nyuma.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Kwetu mzee kukunyima marahaba ni kama amekwisha kukuzika.

"Hii nyekundu yenye ncha nyeupe," akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua, "ni ya jike langu lililozaa juzi. Hii ya kijivu ni ya fahali. Hii nyeusi siijui, ni ya jirani yangu, nitamwita aje aijue mwenyewe."

"Baba, hizi nimenunua machinjioni."

"Jike langu lilichinjwa lini?" Akanyoosha fimbo barabarani. "Si lile pale linatembea?"

Nikatazama. Lilikuwa linapita na ndama wake, na nyuma linatikisa kitu kama mkia wa panya.

Mwanawe mkubwa alinipiga fimbo ya sikio, dunia ikalia kama debe. Nilimrudishia. Niliwahi kupigana na wachimbaji watatu Geita kwa mkupuo, siwezi kulala chini kwa fimbo moja. Nyundo ilimkuta mdogo wake tayani. Nilisikia mfupa ukiitika. Ndipo mzee akapiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari, ambao aliyeusikia akabaki amekaa naye anahesabiwa mwizi. Mnada mzima ulimwagika. Walikuja na fimbo, na rungu, mmoja na ufito wa zizi. Nyundo ilinitoka kwa kuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivunjwa, na wa kulia ulikanyagwa. Nilipigwa kwenye mbavu, kwenye magoti, kwenye mdomo huu huu. Nilitapika chai ya asubuhi pamoja na damu.

"Mchawi! Anakusanya mazizi ya watu ndani ya kiti cha mzungu!"

"Kumbe ndiyo maana serikali inatulazimisha tupunguze ng'ombe! Wanaobaki wanavutwa kwa dawa!"

"Mmalizeni kabla hajasema neno!"

Na hapo hapo, kwenye kona ya barabara, akatokea shemeji yangu. Anapiga mluzi, gunia begani.

Mke wangu alikuwa amesimama kizingitini. Akamwona kabla ya watu kumwona, na mdomo ukamponyoka: "Kaka, kimbia!"

Vichwa vyote viligeuka. Kilio kile kiliwaambia ni nani, na gunia likawaambia mengine. Alilitupa, lakini likapasuka na singa zikamwagika mavumbini, nyeusi tupu, za jirani wa yule mzee. Hakufika mbali. Walimwangusha kwa fimbo ya miguu, na mimi wakaniacha pale nilipolala kama mtu anavyoacha mfupa akiona nyama.

Sasa hapa nitasema kitu ambacho nikiwasimulia watu huwa nakiruka. Niliachwa peke yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na njia ya kwenda boma, waliko askari, haina hata mita mia tatu. Nilisimama. Niliona wanavyompiga yule mtu aliyekula kwangu, aliyebeba wanangu mgongoni. Wa kwanza alimpiga mkono aliojikinga nao, ukapinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa bado anajaribu kufanya mzaha. "Jamani, hata ng'ombe anapumzishwa," alisema, na mmoja akampiga teke la kinywa. Baada ya hapo hakusema tena. Mtu wa rungu alikuwa nyuma, anajipenyeza, anatafuta nafasi ya kichwa.

Mke wangu alinikamata ukosi wa shati. "Baba watoto, sema!"

"Niseme nini?"

"Sema unachokijua. Gunia ni la kwako. Akifa ndugu yangu kwa kunyamaza kwako, sitakuzika wewe wala sitakulilia."

Mbele yangu palikuwa na fremu ya kiti cha nyuma, chuma na mbao, springi hamsini na nne zimefungwa kila moja kwa majirani zake pande zote, bado haijavalishwa gunia. Siku nyingine huinuliwa na watu wawili. Niliinyanyua peke yangu, na vidole vile vilivyovunjika, sijui kwa nguvu gani, nikapiga watu nayo mgongoni mpaka wakanipisha. Nikaanguka juu ya shemeji na kuivuta fremu juu yetu wote wawili, springi zikitazama juu.

Fimbo zikaanza kushuka. Ya kwanza ilipiga springi ikarudi ilikotoka. Ya pili vivyo hivyo. Kisha yule wa rungu akaja, akainua kwa mikono miwili, akashusha kwa nguvu zake zote palipokuwa na kichwa cha shemeji. Springi nilizofunga alivyonifundisha Kalasinga zilipokea. Rungu likapaa, likampiga mwenyewe katikati ya paji la uso, akaketi chini na kuangalia watu kama mtoto aliyeamshwa usingizini.

Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Kundi linalocheka linavuta pumzi, na katika pumzi ile nilipiga kelele kutoka chini ya kiti:

"Ni mimi! Gunia nilimpa mimi! Nilijua ng'ombe ni wazima!"

Mzee alinyoosha fimbo yake, pakawa kimya. Akainama, akanitazama kupitia katikati ya springi.

"Rudia."

"Nilijua, baba. Tangu gunia la kwanza. Mkono wangu ulijua."

"Dawa ni ya nani?"

"Hakuna dawa. Ni kiti. Watu wanakalia."

Damu ya shemeji ilikuwa inanitiririkia shingoni, ya moto, na nilisikia anavyopumua, pumzi ya kukoroma, lakini pumzi. Mwanawe mdogo, taya limevimba kama boga, akasema kwa shida, "Baba, tuwamalize tu." Mzee akasema hapana. Aliyekiri mbele ya watu hapigwi tena, anahukumiwa. Akiuawa hapo, mwenye ng'ombe ndiye anayebaki na laana. Akawaita banamhala, yaani wazee wa mji wake, wakae siku ya nne.

Shemeji tulimpeleka Kolandoto, hospitali ya misheni, kwenye mkokoteni. Alilala siku mbili hajui jina lake. Siku ya tatu aliniita.

"Shemeji, kile kiti kimeisha?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Nimekuwa wa kwanza kukilalia na sijaona raha yoyote."

Nikatoka nje nikalia. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyeniona.

Banamhala walikaa nyumbani kwa yule mzee. Shemeji walimwondolea faini; walisema fimbo zimekwisha kula fungu lake, ila asishike tena ng'ombe wa mtu maisha yake yote. Mimi waliniambia nilete kamba zote za singa. Nikadhani watazichoma. La. Waliniketisha chini katikati yao, vidole vimefungwa vijiti, wakaniamuru nizifumue mbele yao moja moja na kuzitenga kwa rangi, ili kila mwenye ng'ombe achukue za ng'ombe wake. Nilianza jua likichomoza, nikamaliza likiwa upande wa pili. Kila fundo lilipokataa, nililing'ata kwa meno. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenipa maji, na wale watoto wa mzee walisimama nyuma yangu, fimbo zao zikigusa mgongo wangu kila nilipopumzika.

Mzee akashika fungu lake, jekundu lenye ncha nyeupe. Zilikuwa zimejikunja vizuri, zinaruka mkononi kama zenye uhai.

"Jike langu halikuwa na nywele za namna hii," akasema. "Umelirudisha na kipilipili, limekuwa Mmanyema."

Wazee walicheka mpaka wakakohoa, nami nikaambiwa nicheke pia, nikacheka. Kisha wakataja faini: mitamba minne, fahali mmoja wa kuchinjwa na kuliwa na watu wa mji palepale, na mbuzi wa kusafishia zizi. Yule kijana wa taya nimtibu kwa gharama yangu. Nikauza cherehani moja.

Mzungu alirudi mwezi ulipoisha. Kiti cha nyuma nilikuwa nimekijaza sponji, tabaka tatu, niliyoiagiza Dar es Salaam ikaja kwa treni, juu yake pamba safi, juu yake ngozi. Hakuna mtu nchi hii ambaye angekiona na kujua. Yeye alikaa, akaruka mara moja, akaruka mara ya pili, akatoka.

"Hii sponji."

"Ndiyo, bwana."

Akanipiga kofi, na pete yake ikafungua pale Kalasinga alipopashona. Nyundo ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Nilimrudishia mwalimu, nimewarudishia watu ambao majina yao sikuwahi kuyajua. Mlangoni alikuwa amekaa shemeji, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mkono ambao haukunyooka tena, na toka siku ile chakula chake kilikuwa kinatoka kwenye kiganja changu. Mimi nikiingia jela naye analala njaa. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza hana la kuchekesha. Nikaweka mikono nyuma.

Mzungu akalipa nusu ya tuliyopatana, akaondoka na gari lake.

Ng'ombe, mbuzi, hospitali, taya la yule kijana, sponji ya treni na ile nusu niliyodhulumiwa: kiti kile kimoja cha nyuma kilinigharimu shilingi mia nane sitini na mbili na senti hamsini.